Dar–Mwanza Ni Saa Moja na Nusu, Sasa Staa Wetu Anaposema "Mbali" Ana Maana Gani?

Wadau, wiki hii mmeona yule staa wetu (simtaji, mnamjua) akimjibu shabiki aliyemuuliza mbona hajaenda kumwona mama yake aliyelazwa Mwanza. Akasema Mwanza ni mbali na ratiba imembana. Siku nne kabla ya hapo alikuwa Dubai, anaposti picha kando ya bwawa.

Haya, tupige hesabu. Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kama kilomita 850, unakaa angani saa moja na nusu hivi. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, angani unakaa saa tano na zaidi. Karibu mara tano ya umbali! Huko hakukuwa mbali?

Tusidanganyane pia, saa moja na nusu sio safari nzima. Kuna foleni ya Barabara ya Nyerere, kuna kuripoti uwanjani mapema, kuna kusubiri begi, kuna taksi hadi mjini. Weka saa tano au sita kutoka mlangoni kwako hadi wodini. Bado ukitoka alfajiri, mchana unamnywesha mama uji, na usiku umerudi Dar kwenye shoo yako.

Mimi mama yangu yuko Nyakato. Mwaka jana alipougua nilipanda basi Mbezi alfajiri, maana tiketi ya ndege ya kukata leo usafiri kesho ilikuwa nje ya uwezo wangu. Ndege inakata moja kwa moja, basi linazungukia Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Nilishuka Nyegezi usiku mnene, miguu imevimba mpaka viatu vimekataa. Mama alikuwa macho ananisubiri. Wala hakuuliza nimeleta nini, aliuliza kama nimekula.

Kuna sehemu lakini namwelewa huyu kaka. Ukirudi kwenu na jina, kila ndugu ana mtoto anadaiwa ada, kila jirani nyumba yake inavuja. Watu watajaa wodini na wengi hawajaja kumwona mgonjwa, wamekuja kukuona wewe. Wengine wameshatoa simu wanarekodi. Hiyo inachosha jamani, na mimi nahisi ndiyo inayomfanya aione Mwanza iko mbali kuliko Dubai. Dubai hakuna anayemjua kwa jina la utotoni.

Basi aseme hivyo. Aseme kwao kunamchosha, hapa ningekuwa wa kwanza kumtetea. Ila kusingizia kilomita, hapana. Wagonjwa siku hizi wanalala na simu janja chini ya mto. Zile picha za bwawani mnadhani wodini hazikufika?