Tulivyotafuta gari la bei ya chini: kutoka Nakivale mpaka Kampala na kurudi

Tangu gari letu lifike, watu wanatusimamisha njiani na pale kwenye bomba la maji, wanauliza: mlinunua wapi, mlinunua namna gani, hamkuogopa kuibiwa? Tuliogopa sana. Basi tumeona tuandike yote, hata yale ya aibu, maana tunajua kuna vikundi vingine vinavyokusanya pesa sasa hivi.

Sisi ni familia nane za likelemba moja. Kwa miaka miwili tuliweka kidogo kidogo: mwingine pesa ya nyanya, mwingine ya samaki wa ziwani, mwingine ya cherehani. Ikafika milioni 5 na laki 6 za Uganda. Sababu ya kutaka gari mnaijua. Mgao wa chakula umepungua miaka hii, kwa hiyo lazima tuuze mavuno, na gari la kukodi likichelewa siku moja nyanya zinaoza kwenye makreti. Na usiku mtu akizidiwa, unapiga simu huku na huku mpaka jogoo anawika.

Kwa milioni 5 hupati gari lililotoka Japani juzi, ndugu. Tangu mwaka 2018 Uganda imekataza kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Kwa hiyo gari zee la bei ya chini ni lile ambalo liko hapa hapa tangu zamani, limepita mikono mitano, sita. Ndilo tulilolifuata.

Tuliondoka wanne: mzee wetu, mama anayetunza pesa, fundi wetu aliyefanya kazi ya garaji Goma miaka 14, na mmoja wa kuandika. Kutoka kambini mpaka Mbarara ni vumbi jekundu, halafu vilima vya Isingiro vilivyofunikwa na migomba mpaka huoni udongo. Malori ya matoke yanapanda yakilia. Fundi hakuangalia migomba. Alikuwa anasikiliza ile taksi tuliyopanda na kusema, "Hii nayo boljointi imekwisha."

Mbarara imekuwa jiji tangu mwaka 2020, lakini pale chini upande wa mto Rwizi bado utakuta gereji za mabati, oili imemwagika chini mpaka udongo umekuwa kama lami. Mafundi wengi wanajua Kiswahili cha barabarani. Tabu ni majina tu. Fundi wetu anasema kulase, wao wanasema silenda hedi. Anasema ambrayaji, wao klachi. Mwisho walianza kuoneshana kwa vidole, na hapo wakaelewana vizuri kabisa.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa, milioni 3 na nusu. Mzee alitabasamu. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti. "Mbona motere iko moto?" Dalali akasema ameisogeza tu kutoka kule. Jueni hili: gari ukienda kuliangalia, injini iwe baridi. Mwenye gari akilipasha kabla hujafika, anaficha namna linavyosumbua kuwaka asubuhi. Halafu fundi akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Kwenye mlango ikashika. Kwenye ubavu wa nyuma ikaanguka chini. Akajaribu mara tatu, ikaanguka mara tatu. Pale hapakuwa na bati, ilikuwa pati na rangi juu yake, kama keki. Tukainua kapeti, sakafu imeoza, unaona chini. Dalali akakasirika: "Nyinyi wakimbizi mnataka gari jipya kwa pesa ya pikipiki?" Hatukumjibu. Ilituuma, lakini hatukujibu.

La pili ndilo lililotaka kutuua. Lilikuwa zuri kweli, milioni 4. Injini baridi, ikawaka mara moja. Kijiti cha oili kisafi, tairi zimelika sawasawa. Mzee akasema tulipe leo leo, tusilale na pesa hotelini. Mama akaomba kadi ya gari. Muuzaji akatoa fotokopi. Kadi yenyewe, alisema, iko nyumbani kwa kaka yake, ataileta kesho kutwa, tumpe kwanza milioni 3.

Tulisogea pembeni tukabishana karibu saa nzima. Mzee aliona Mungu ametuletea gari, sisi tunamkatalia. Fundi naye alilitamani. Mama alisema: "Mzee, kwa heshima yako. Watu wanaweka kadi za magari rehani kwa wakopeshaji. Gari unalo, kadi iko kwa mwenye deni, na siku moja wanakuja kulichukua na nyanya zangu ndani. Mimi pesa yangu hapo ni migongo miwili, wangu na wa binti yangu. Sitoi." Akakumbatia mkoba wake, akakaa chini. Mzee akanyamaza. Tulimwambia muuzaji tutangoja mpaka kadi ifike. Siku ya tatu simu yake haikupatikana tena.

Basi tukapanda basi la Kampala, kilomita kama 270, tumekasirikiana, hakuna anayeongea. Tulipofika Lukaya wachuuzi wakasukuma kuku wa kuchoma na gonja madirishani, mama akanunua mishikaki minne, akampa mzee wa kwanza. Hapo mazungumzo yakarudi.

Kampala ni kelele. Soko la Kisekka tulikuwa tunalisikia tu: milango ya magari imepangwa kama vitabu, taa, rejeta, giaboksi, na vijana wanaokuvuta shati kabla hujataja unachotaka. Hatukwenda kununua gari pale. Tulienda kuuliza bei za vipuri, na hii ilikuwa akili ya fundi. Alisema kabla hujachagua gari bovu, jua ubovu wake unagharimu kiasi gani. Kila duka lilitujibu jambo moja: chukueni Kikumi.

Kikumi ni Toyota Corolla 100. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1991, na Waganda wakaipa jina la Kiganda la mia moja. Madereva wa speshoyaya wameiendesha miaka na miaka, na kila fundi wa kijijini anaijua kama mfuko wake. Tukaipata moja ya stesheni, ile yenye mkia mrefu wa kubebea mzigo, kwa dereva mmoja mtu mzima. Alitaka milioni 5 na laki 2. Lilikuwa limepauka, kiti cha dereva kimetoboka mpaka sponji. Saa ya kilomita ilikuwa imekufa, lakini raba za pedali zilikuwa zimelika mpaka chuma. Hizo ndizo zilizotuambia umri wake.

Kilichotushangaza ni kwamba alisema mabaya yenyewe kabla hatujauliza. Linakunywa oili. Shokomzoba ya kushoto mbele imekufa. Mkanda wa taimingi hakumbuki aliubadilisha lini. Fundi akaanza kazi pole pole. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi (ikiwa moto usithubutu, utaungua uso) akaangalia kama kuna mafuta yanaelea juu ya maji. Hakuna. Akaangalia chini ya kifuniko cha oili kama kuna ute mweupe wa chai ya maziwa, maana hiyo ni maji yameingia ndani, gaskiti ya hedi imekwisha, na hapo ni kwaheri. Hakuna. Likawashwa. Moshi ulitoka wa bluu kidogo: oili inaungua, kama alivyosema mwenyewe. Ungekuwa mweupe usiokoma, tungeondoka. Akabonyeza kila kona ya gari: tatu zilipanda na kutulia, ya nne ikaendelea kucheza kama kitanda cha mtoto. Mwisho akavuta hendibreki, akaweka gia ya tatu, akaachia klachi pole pole. Injini ikazima. Vizuri. Ingeendelea kuzunguka, klachi imekwisha.

Safari hii kadi ilikuwa kadi yenyewe. Mama alisoma namba ya chesisi kwenye kadi, fundi akaisoma kwenye bati la nyuma ya injini, herufi kwa herufi, kisha wakabadilishana wakasoma tena. Jina la kwenye kadi lilikuwa la yule dereva na kitambulisho chake. Tukashuka bei mpaka milioni 4 na laki 7. Makubaliano tuliandika mbele ya mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wake, mashahidi pande mbili, pesa zikahesabiwa benki. Na tulianza kubadilisha jina hapo hapo. Wengi wanabaki na karatasi ya makubaliano tu, miaka inapita, na siku mwenye jina akifa watoto wake wanadai gari. Sasa limeandikwa jina la mzee, na sisi familia nane tuna karatasi yetu nyingine inayosema kila mtu ana sehemu gani. Mzee ndiye aliyeidai hiyo karatasi.

Tulinunua mkanda wa taimingi Kisekka na fundi akaufunga kabla hatujatoka, maana ukikatika njiani injini inakufa hapo hapo. Bima ya lazima tukalipia. Kulipopambazuka tukaondoka. Kayabwe tulivuka mstari wa ikweta, mzee akataka tusimame apite kwa miguu, tukasimama. Masaka salama. Tulipopita Lyantonde, kwenye ile nchi kavu ya ng'ombe wenye pembe ndefu, mshale wa joto ukapanda. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka. Tukakaa kando ya barabara, karibu na mbuga ya Ziwa Mburo, punda milia wakituangalia kutoka kwenye nyasi. Saa nzima tulingoja ipoe. Fundi akaufunga mpira kwa utepe wa tyubu ya baiskeli aliotoka nao kambini, tukajaza maji ya kunywa. Mama hakuongea wakati wote huo. Alikuwa anahesabu laki zilizobaki.

Nakivale tuliingia usiku, taa moja inawaka. Watoto walilikimbilia vumbini.

Sasa linalala kwa mzee. Jumanne linapeleka nyanya Mbarara, Ijumaa samaki, siku nyingine linangoja mgonjwa, na ufunguo unatundikwa ndani ya mlango ili usiku asiutafute mtu. Linakunywa karibu nusu lita ya oili kwa juma, tunaangalia kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mpira mpya wa rejeta tumeshaweka. Shokomzoba ya kushoto tutanunua mwisho wa mwezi, nyanya zikikubali.