Kirumba na Mfarishi wa Shangazi

Nataka kuwasimulia habari za safari yangu ya Kirumba, katika mji wa Mwanza, na jambo la kushona lililonipeleka huko. Lilikuwa jambo la vipande vya nguo tu. Lakini ndugu wawili walikuwa hawasemezani kwa ajili yake, na kwa hiyo halikuwa dogo.

Shangazi yangu, umbu lake baba, alikuwa fundi wa cherehani huko Kirumba kwa miaka mingi. Katika uzee wake alianza kushona mfarishi wa viraka, yaani blanketi la nguo mbili lenye pamba katikati, ambalo upande wake wa juu huungwa kwa vipande vya nguo mbalimbali. Alimaliza miraba kumi na miwili, kila mmoja inchi 15 kwa inchi 15, wala hakushona miwili ya namna moja. Mmoja ulikuwa na nyota, mmoja ngazi, mmoja ulifanana na ukili wa mkeka, mmoja ulikuwa na samaki. Maana alitaka wajukuu wake waone kila mshono aliouweza. Nguo zenyewe zilikuwa za nyumba yake: kanzu ya marehemu mumewe, sare za shule za binti zake, vitenge vya arusi, na kanga kuukuu. Kisha akafariki kabla ya kuiunga.

Aliacha binti wawili. Yule mkubwa huuza dagaa Kirumba, naye ndiye aliyemwuguza mama yake. Yule mdogo ameolewa Geita, naye alikuwa akituma fedha za dawa. Baada ya maziko kila mmoja alichukua miraba sita, wakaachana kwa maneno makali, na miaka miwili ikapita. Hata mwaka huu binti wa yule mkubwa akaposwa, nao wote wawili wakakubali kwamba mfarishi ule uungwe, apewe mjukuu siku ya arusi yake. Lakini walipokutana wakashindana habari ya mikanda, yaani vile vitambaa virefu vishonwavyo kati ya mraba na mraba. Mkubwa alitaka kaniki, mdogo alitaka bendera, nguo nyekundu. Siku ya tatu nikapigiwa simu: "Kaka Mwalimu, njoo, maana sisi wenyewe tumeshindwa."

Basi nikaondoka Sengerema alfajiri. Zamani safari hii ilikuwa ya kungoja kivuko pale Busisi, pengine saa nyingi, juani au mvuani. Lakini tangu mwezi wa Juni 2025 liko daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na gari huvuka ghuba kwa dakika chache. Nalitazama maji huku na huku, nikaona mitumbwi ya wavuvi ikirudi na taa zao zimezimwa.

Aingiaye Mwanza huona mawe kwanza. Mawe makubwa ya rangi ya majivu yamesimama juu ya vilima, mengine juu ya mengine, kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Na nyumba za watu zimejengwa kati yake, ya bluu, ya njano, ya matofali mekundu, kila mtu kwa rangi aipendayo. Liko na lile jiwe la ziwani waliloliita Bismarck, kwa jina la waziri mkuu wa Wajerumani. Kutoka katikati ya mji nikashika njia iendayo uwanja wa ndege, nikapita viwanja vya Furahisha, nikafika Kirumba.

Watu wengi hulijua jina la Kirumba kwa uwanja wa mpira. Lakini ashukaye hadi ziwani hufika Mwaloni, penye soko la dagaa na samaki, na hapo ndipo nalipomkuta yule dada mkubwa. Magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, wachukuzi wanapita wakipiga kelele ili wapishwe, na wanunuzi wamekuja kutoka mbali, hata kutoka Kongo. Makorongo wamesimama juu ya paa kama wazee wa baraza, wakingoja matumbo ya samaki. Dada aliponiona alifuta mikono, akapiga goti kidogo, akasema, "Karibu, Kaka. Pole na safari. Mwenzangu yuko nyumbani, amekaa na miraba yake."

Tulipofika nyumbani nikawakalisha wote wawili, nikamtaka kila mmoja aseme sababu zake. Mkubwa akasema, "Kaniki haionyeshi uchafu. Nyumba hii ina moshi na harufu ya samaki, na mfarishi utafuliwa. Tena mama alivaa kaniki shambani maisha yake yote."

Mdogo akasema, "Mama alipenda nyekundu. Dada ataka kaniki kwa sababu ni nguo ya kilio, ili kila atakayeutazama akumbuke kwamba mimi sikuwapo."

Mkubwa akajibu, "Nyekundu ni rangi ya sherehe, nawe sherehe hukosi."

Nikaona kwamba hatusemi tena habari za nguo. Jirani mmoja aliyekuwa mlangoni akazidisha, akasema rangi hizo zote mbili ni za waganga, hazifai nyumba ya Mkristo. Nikamjibu kwamba nguo haina kosa. Bibi zetu walivaa kaniki kulima kabla sisi hatujazaliwa, na mganga aliichukua dukani kama mtu mwingine yeyote. Lakini kuhusu ushonaji sikuwa na neno la kusema, maana mimi hata kifungo hushonewa. Basi nikaomba twende kwa fundi mmoja mzee, aliyeshona baraza moja na shangazi zamani.

Mzee yule alituamkua, akaitazama miraba mmoja mmoja, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, msianze na rangi ya mkanda. Pangeni miraba kwanza. Mkanda huwafuata, hauwatangulii. Kazi yake ni kumpa kila mmoja nafasi ya kukaa."

Jioni tukaipeleka miraba juu ya jiwe pana lililo nyuma ya nyumba, tukaitandaza. Fundi akatuambia turudi nyuma hatua kumi na tano na kufumba macho nusu, maana mtu akifumba macho nusu haoni tena nyota wala samaki, bali huona palipo pazito na palipo pepesi. Tukaona mara moja kwamba miraba yenye nguo nyeusi imekusanyika upande mmoja, na mfarishi wote kama mtumbwi uliolalia ubavu. Akatufundisha kanuni tatu. Ya kwanza, miraba mizito itawanywe, mmoja karibu na kila pembe. Ya pili, mraba wenye vipande vingi vidogo ukae karibu na mraba mtulivu, ili jicho lipumzike. Ya tatu, nguo moja isikae jirani na nguo yake yenyewe.

Dada mkubwa alitaka mraba wa kanzu ya baba yao ukae katikati. Tukajaribu kuuweka, haikuwezekana. Maana miraba kumi na miwili ikipangwa mitatu kwa minne haina mraba wa katikati. Kama ingalikuwa tisa, mmoja ungalitawala. Mdogo akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike, akasema, "Basi baba akae pembeni, kama alivyopenda kukaa barazani." Ukawekwa pembeni.

Usiku tulipokula niliwaeleza niliyoyasoma, kwamba kazi hii ya kuunga miraba si ngeni pwani kwetu. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za kutoka ng'ambo, wakashona leso sita pamoja, tatu kwa mbili, wakajifunga. Na huko ndiko ilikotoka kanga, nayo ikabaki na pindo lake pande zote na mji wake katikati. Hata majina ya nguo zetu yana safari. Marekani ni nguo iliyoletwa na merikebu za Waamerika hadi Unguja, ikapandishwa bara na misafara. Na Speke alipoliona ziwa hili mwaka 1858, nguo na ushanga ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Tena huko Karnataka, Bara Hindi, wako watu waitwao Siddi, ambao wazee wao walitoka Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi, wakianza ukingoni na kuzunguka hadi katikati, wala hawapendi kuiacha bila vipande vidogo vilivyokunjwa pembeni.

Nikawaambia na habari za Bibi Harriet Powers wa Georgia, Marekani, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha mfarishi wenye picha kumi na moja za habari za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, karamu ya mwisho, kila picha katika chumba chake, na mikanda kati yake ili habari zisichanganyike. Mwanamke mmoja akataka kuununua, naye akakataa. Baada ya miaka michache shida ikamlazimu. Akaomba dola 10, akapewa 5. Kisha mara kwa mara alikwenda nyumba ya yule aliyeununua ili kuutazama tu. Sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Washington.

Dada mdogo akauliza, "Alikwenda kuutazama?" Nikasema ndivyo. Hakusema neno tena usiku ule.

Kesho yake tukazijaribu nguo. Fundi alikata kipande cha bendera mpya na kipande cha kaniki mpya, akavilowesha kwa maji ya moto na sabuni, akavilaza juu ya marekani nyeupe, akapiga pasi. Vyote viwili vilichuja. Akasema, "Mkanda ukichuja, kazi yote ya marehemu itaharibika mfuo wa kwanza." Basi tukafua na kufua. Kaniki ilipofuliwa mara ya tatu maji yakatoka meupe. Bendera ilifuliwa mara tano, na maji yakawa bado kama ya nyanya. Dada mkubwa hakusema kitu, wala hakucheka. Nami nilimheshimu kwa hilo.

Ndipo mdogo alipoinuka, akaingia ndani, akarudi na kanga nyekundu iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa kanga ya mama yao. Aliichukua siku ya maziko bila kumwambia mtu, na miaka miwili alikuwa amelala nayo Geita. Akasema, "Hii imefuliwa miaka ishirini. Haichuji tena." Dada yake akaishika, akainusa, akakaa chini.

Fundi akawaambia kwamba mahali mikanda ikutanapo panaweza kuwekwa kipande kidogo cha rangi nyingine, kama jiwe la pembeni. Tukatandaza kaniki kati ya miraba, tukaweka vipande vyekundu kwenye makutano, tukarudi hatua kumi na tano. Miraba ya nguo nyeupe iling'aa. Ile yenye nguo nyeusi haikupotea, maana kaniki iliyofuliwa imepungua weusi. Na vile vyekundu vikavuta jicho kutoka pembe hii hadi pembe hii, kama taa za wavuvi ziwani usiku. Hakuna aliyesema amekubali. Mkubwa alisema tu, "Leteni mkasi."

Kwa ajili ya wenzangu watakaopenda kujaribu, hesabu ni hii. Miraba ya inchi 15, mitatu kwa minne, na mikanda ya inchi 3 kati yake na pande zote, hutoa mfarishi wa inchi 57 kwa inchi 75, nao hufunika kitanda cha futi 4 kwa 6 na kuning'inia kidogo. Vitakiwa vipande 31 vya mkanda na vipande 20 vya makutano. Mkanda hukatwa inchi 4 kwa 16, na kipande cha makutano inchi 4 kwa 4, ili nusu inchi iingie katika mshono kila upande. Kadhalika mraba wenyewe uwe na nusu inchi ya ziada kila upande. Nguo ya mikanda yenye upana wa inchi 36 yatosha mita 2. Fueni nguo zote kabla ya kukata.

Mdogo ndiye aliyeikata kanga. Alikata vipande ishirini katika mji wake, akauacha upande wenye jina. Mkono wake ulitetemeka katika kipande cha kwanza tu.

Nalikaa siku mbili zaidi. Mfarishi mzito hauwezi kushonwa na mtu mmoja, maana mmoja hukanyaga cherehani na mwingine hushika uzito wa nguo upande wa pili usivute. Basi wakalazimika kukaa uso kwa uso. Mwanzo walisema "vuta" na "legeza" tu. Siku ya pili nikasikia wakitajiana gharama za hospitali, nani alilipa nini. Sauti zikapanda, cherehani ikanyamaza, kisha ikaanza tena. Maneno hayo hawajayamaliza. Nilipoaga walikuwa wameunga safu tatu, na ya nne ilikuwa bado.

Nilipopita Mwaloni kuelekea stendi nikatazama nyuma vilimani, nikaona zile nyumba za bluu na njano na nyekundu kati ya mawe yake ya majivu. Arusi ni mwezi wa Desemba, nami nimealikwa.

Nasalimu wote. Ndimi ndugu yenu, Mwalimu wa Sengerema.