Ua la Kivulini katika Mlima Mbololo

Msafiri ashukaye Voi hulakiwa na jua kali, vumbi jekundu na mashamba ya mkonge. Lakini akitupa macho upande wa kaskazini-magharibi ataona Mbololo, mmojawapo wa milima ya Taita, ambao kilele chake mara nyingi hujificha katika ukungu. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu. Ukifika milimani hupanda juu, hupoa na kuuacha unyevu huo mitini. Ndiyo sababu chini ni nyika kavu na juu ni msitu mbichi.

Ndani ya msitu huo, kwenye miamba yenye majimaji isiyopigwa na jua, huota mmea mdogo wenye majani manene ya vinyweleo na maua ya zambarau yenye manjano katikati. Mwaka 1958 wataalamu waliupa jina la Saintpaulia teitensis. Porini hauoti mahali pengine popote duniani.

Jamaa zake wako Tanzania, katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru. Ni kutoka Usambara ambako Walter von Saint Paul, afisa wa Kijerumani, alimpelekea baba yake ua hilo mwaka 1892. Leo wazao wake wamo katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Jamaa mwingine wa Kenya huota kwenye miamba ya chokaa karibu na Kaloleni, naye pia yumo hatarini. Mwaka 2015 wataalamu waliyahamisha maua haya yote katika ukoo uitwao Streptocarpus. Jina likabadilika, bali kivuli hakikuongezeka.

Na kivuli ndicho uhai wake. Mti mkubwa ukiangushwa, jua hupenya, mwamba hukauka, na mmea hufa ingawa hakuna mtu aliyeugusa. Msitu wa asili wa Mbololo ni yapata hekta 200 tu, na milima mingine ya Taita imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya misitu yake kwa mashamba, au kwa misonobari na mikalitusi ya kupandwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusihifadhi ua hili katika vyungu, maana jani moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Ni kweli, lakini jani hilo huzaa nakala yake lenyewe tu, na chungu hakitoi maji ya mto. Msitu unaoficha ua hili ndio unaozilisha chemchemi za watu wa bondeni.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wananchi kuunda vyama vya kutunza msitu pamoja na Serikali. Hata hivyo mwanachama naye hupika, na chakula hakiivi bila kuni. Mkulima aliyepanda grevilea mpakani mwa shamba lake huzipata kuni hizo hapo hapo nyumbani, wala hana haja ya kupanda Mbololo na panga.