Gari Lenye Umri wa Uhuru

Msomaji mwenzangu, ukitaka kujua ndugu zako wanakuona mtu wa namna gani, weka akiba miaka mitatu, halafu watangazie kwamba unanunua gari lililoundwa kabla mama yako hajazaliwa. Mimi nimefanya hivyo, na majibu nimeyapata yote. Mjomba alisema nunua kiwanja Chanika kabla bei haijapanda tena. Shangazi alisema oa. Washikaji kijiweni waliuliza kama nimelogwa. Mama, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliuliza kitu kimoja tu: "Na mdogo wako?"

Hilo ndilo lilikuwa swali zito. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, na matokeo hayakumbeba. Tangu hapo asubuhi yake inaanzia kijiweni na jioni yake inaishia hapo hapo, na katikati ni hadithi za Sauzi: nani kafika, nani kakwama mpakani, nani katuma hela nyumbani. Mwanzoni tulikuwa tunacheka naye. Kisha siku moja nikagundua kauza simu yake, na kijana wa mjini anayeuza simu yake ujue ana safari kichwani.

Mama alitaka zile shilingi 6,500,000 zangu ziongezewe kidogo, tupate Vitz iliyotumika, dogo akae kwenye usukani abebe abiria. Ni hoja yenye akili, siibezi hata kidogo. Aliyeikataa ni yeye mwenyewe. "Kaka," aliniambia, "mimi sitaki kuendesha kitu ambacho kikizima barabarani nakaa pembeni nasubiri mtu aje na kompyuta."

Kauli hiyo ilinikaa. Mimi tangu shule ya msingi navipenda vile vigari vya bei ndogo vya mwanzoni mwa miaka ya 60, vyenye taa mbili za mviringo kama macho ya mtoto aliyeamshwa usingizini. Navipenda tu, kwa raha zangu, sikuwahi kuwa na sababu ya kumweleza mtu. Dogo ndiye aliyenipa sababu. Nikamwambia: basi tutafute gari ambalo likizima, wewe na mimi tutajua kwa nini. Kama halipo, hela inakwenda kwenye Vitz na mimi sisemi tena. Tukapeana miezi mitatu.

Tuelewane kwanza ni magari gani hayo. Mwaka 1956 Misri ya Nasser ilitaifisha Mfereji wa Suez, vita ikafuata, na Uingereza mafuta yakawa ya mgawo. Kampuni ya BMC ikamwita mhandisi wake Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, abuni gari dogo lisilo na kiu. Mwaka 1959 ikatoka Mini: urefu wa mita 3 na kidogo, injini ya cc 848 imewekwa kwa kukingama, na gia zimepangwa chini yake zikiogelea kwenye oili ile ile ya injini. Ufaransa nako mkuu wa Renault, Pierre Dreyfus, alitaka gari la kuvaliwa na kila mtu kila siku, kama suruali ya jinzi. Mwaka 1961 wakaitoa Renault 4, yenye sakafu bapa, viti vinavyotoka, na mkono wa gia uliochomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Volkswagen, lile la mgongo wa kobe, tayari lilikuwa zee, mchoro wa miaka ya 1930, lakini Wajerumani walikuwa wanalifanyia marekebisho mwaka hadi mwaka bila kuligusa sura.

Utaona hakuna hata moja hapo lililobuniwa kwa majigambo. Waliolichora kila moja walijiuliza: mtu mwenye kipato kidogo anahitaji nini hasa, na nini anaweza kuishi bila nacho? Ndiyo maana ukifungua boneti unaona kila kitu na kazi yake. Nami nayapenda kwa sababu hiyo, kama ninavyopenda hadithi fupi isiyo na neno la ziada.

La kwanza tulilifuata Tanga. Morris Minor ya kijani, ya mzee mstaafu, imefunikwa turubai. Hili nalo ni la Issigonis, la mwaka 1948 kwa ubunifu wake, na ndilo gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Milango ilifunga kwa mlio wa kabati la bibi. Nilikuwa nimeshaanza kushika mfuko, nikasema ngoja kwanza nimpigie fundi.

Fundi wetu ni mzee wa Gerezani, umri wake ni sabini na kitu, mikono imekuwa na rangi ya oili hata akitoka kuoga. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza: "Kichwa cha injini kimeshabadilishwa makalio ya valvu?" Sikujua anasema nini, akanieleza. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na ile risasi ililinda mahali valvu inapokalia. Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli ya namna hiyo ifikapo mwaka 2006. Injini ya Morris, na ya Mini pia maana ni ukoo mmoja, ina kichwa cha chuma cha kusubu, na ukiiendesha sana kwa petroli ya leo valvu zinakula chuma taratibu mpaka nguvu inakwisha. Dawa ipo: unatia vikalio vigumu. Lakini ni kazi ya mashine na hela, na mzee wa Tanga hakuwa tayari kushusha bei. Tukanywa chai yake, tukapanda basi.

La pili lilikuwa Unguja, Mini nyekundu. Nawaambia ukweli, hakuna gari lililonichekesha kwa furaha kama lile. Linageuka kona kama mtoto anayekimbizwa. Lakini magurudumu yake ni ya inchi 10, na ninyi wenyewe mnayajua mashimo ya mitaa yetu. Mengine yangelimeza zima. Zaidi ya hayo, dogo alifungua boneti akajaribu kupitisha mkono nyuma ya injini, akaurudisha na mchubuko. "Hapa," alisema, "fundi lazima awe na mikono ya mtoto." Lilikuwa gari la kufurahia, lakini lingekuwa darasa gumu kwa mtu anayeanza.

La tatu, Renault 4 ya Moshi, ndilo lililoniumiza roho. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Alituambia kwamba umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma haulingani kulia na kushoto. Dogo akaguna, akaomba futi ya kupimia, akalala chini na kupima. Kweli, upande mmoja umezidi karibu sentimita 5! Springi za nyuma ni vyuma vya kujipinda vilivyolala kukingama chini ya sakafu, kimoja mbele ya kingine, ndiyo maana gurudumu moja limesogea. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilimwona mdogo wangu anacheka peke yake. Tuliliendesha kwenye barabara ya vumbi likawa linayumba kama mtumbwi, na halikugonga. Nililitaka gari lile jamani. Lakini chini, kutu ilikuwa imeshakula, spana ilizama kama kwenye mkate. Na spea? Antananarivo, Madagascar, ambako Renault 4 zimebeba abiria wa teksi miaka na miaka, ungezikuta. Dar tungekuwa watu wa kusubiri kifurushi kutoka Ulaya, na mtu anayesubiri kifurushi miezi miwili ana muda wa kufika Sauzi na kurudi.

Likabaki Volkswagen. Lilikuwa Temeke, chini ya mwembe, limejaa majani makavu, buluu iliyopauka. Mwaka wake 1961. Lilitoka kiwandani mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru, na nilipolisema hilo Mzee akanijibu: "Uhuru nao unataka kubadilishwa oili." Hakucheka, akaingia chini ya gari.

Alichokagua nakiandika hapa, kwa kuwa najua wapo miongoni mwenu wenye ugonjwa kama wangu. Aliinua kiti cha nyuma, kwa sababu betri hukaa humo, na maji yake yakimwagika hutoboa sakafu. Pale pale katikati akasoma namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi ya gari, namba kwa namba. Akauliza jina lililo kwenye kadi ni la nani na yuko hai au la, maana gari la marehemu ambalo mirathi haijafungwa linaweza kukutoa jasho kuliko injini mbovu. Kisha akaenda nyuma, akaishika puli ya injini kwa mikono miwili, akaivuta na kuisukuma. "Ikicheza mbele na nyuma, weka hela yako mfukoni uende zako," alisema. Haikucheza.

Halina rejeta wala maji. Injini ya cc 1192 inapozwa na upepo wa feni, kwa hiyo mkanda wa feni ukikatika unasimama hapo hapo, huendi hata hatua kumi. Umeme wake ni wa volti 6, taa zinamulika kama kibatari. Geji ya mafuta hakuna. Kuna kijiti karibu na miguu ya dereva: gari likianza kukohoa, unakipiga teke, unapata lita chache za akiba za kukufikisha kituoni. Dogo alikipenda kile kijiti kuliko kitu chochote kwenye gari lile.

Mzee alituambia pia kwamba mwaka 1962, akiwa mtoto, alisikia redioni Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wameshinda Safari Rally, mashindano yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa Volkswagen kama hili. Mwaka huo huo Mwingereza Pat Moss, mwanamke, alishika nafasi ya tatu na Saab 96. "Vigari vya watu wa kawaida," alisema Mzee, "vikayaacha makubwa kwenye tope."

Lakini kilichoamua ni spea. Morris Minor ziliacha kuundwa mwaka 1971. Volkswagen hii waliendelea kuiunda Mexico mpaka Julai 2003, zaidi ya milioni 21 kwa jumla, na vyuma vingi vya karne iliyopita vinaingiliana. Gerezani, ukiwa na subira na ukijua wa kumuuliza, mkanda, klachi na kabureta unavipata. Gari la bei ndogo lilibuniwa liwe na wenzake. Likibaki peke yake mjini linakuwa la bei kubwa.

Mama alikuwa bado na hoja yake. Alikuja gereji kwa miguu yake, akamwamkia Mzee, akauliza: "Haya mambo ya kizamani yatamlisha nani, baba?" Mzee hakutoa hotuba. Aliita bodaboda iliyokuwa inapita, akamwonyesha mama kabureta yake, akamwambia na hii valvu zake hupimwa nafasi kwa vibati vile vile vya kupimia vya Volkswagen. Akasema bodaboda mjini humu hazihesabiki, na nyingi zinakohoa. Mama hakusema ndiyo. Alisema, "Haya, tutaona," na kwetu hiyo ni mihuri miwili kati ya mitatu.

Nililinunua kwa shilingi 5,200,000. Jumamosi ya kwanza, Mzee alimkabidhi dogo jeki na spana, akakaa kwenye ndoo akimwelekeza. Injini ya Volkswagen imeshikwa kwenye gia kwa boliti nne tu. Kabla ya saa sita ilikuwa iko chini, juu ya gunia, na mdogo wangu ameisimamia kama mtu aliyevua papa.

Habari za Sauzi hazijaisha, sitawadanganya. Wiki iliyopita rafiki yake mmoja alipiga simu kutoka Durban, wakaongea muda mrefu nje ya mlango. Aliporudi ndani hakusema walichoongea. Aliuliza kama ninayo hela ya pointi mpya, kwa sababu zilizomo zimeungua, na Mzee kamwambia kesho atamfundisha kuzipima. Nikampa. Kwa wewe unayesoma hapa na una akiba kidogo na macho yako yako kwenye kigari cha miaka ile, ushauri wangu ni huu: usianze kwa kuuliza lipi ni zuri. Uliza fundi wake yuko wapi, ana umri gani, na nani atakuwa amekaa naye kabla hajachoka.