Kuhifadhi

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, neno king'amuzi limeenea hadi kwetu Issuna. Ni neno zuri: kung'amua ni kutambua lililofichika.

Mwanangu aliniletea king'amuzi chenye diski ya kurekodi. Jioni, mimi na marehemu mke wangu tulihifadhi humo vipindi vya malenga wakighani, naye akizirudia beti huku akipeta mtama. Alipofariki, nilikiendea kifaa kile kuzitafuta beti hizo. Kumbe malipo ya mwezi yalikuwa yamekwisha. Vipindi vyote vilikuwa vimefungwa, ingawa diski imo sebuleni mwangu.

Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, unalilia nini?" Nilipomweleza, akazighani beti zote, hata mshororo ule ambao bibi yake kila mara aliupunguzia mizani moja.

Miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kuwa kuhifadhi ni kuweka mahali salama, na pia ni kujua kwa moyo. Maana ya pili niliiandika chini ubaoni. Leo ningeitanguliza.