Kabla ya Hukumu ya Karata, Tuulize Kanuni Zake

Katika maswali yanayofika mezani kwa kamati ya msikiti, liko moja ambalo muulizaji hulitakia jibu la neno moja tu: karata ni halali au ni haramu? Mwaka huu swali hilo lilitufikia mara mbili katika wiki moja. Kwanza alikuja mama mmoja wa mtaa wa Kawajense, hapa Mpanda mjini, ambaye kijana wake wa kidato cha tatu amejifunza karata katika baraza la jirani na sasa hurudi nyumbani usiku. Baba wa kijana alikwisha kutamka kwamba mtoto achague kati ya karata na nyumba. Siku tatu baadaye akaja mwenye baraza lenyewe, mzee aliyestaafu kazi ya reli, muumini wa safu ya mbele, naye akalalamika kwamba anasemwa mtaani kuwa anaharibu watoto ilhali yeye, kwa maneno yake, anawafundisha hesabu.

Kila mmoja alitaka kamati isimame upande wake. Tungejibu kwa neno moja, nyumba moja kati ya hizo mbili ingeondoka na kinyongo, na huenda kijana angeondoka kwao kweli.

Tulipokuwa chuoni masheikh wetu walitufundisha kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulijua jambo lenyewe. Mwenye kutaka kujua hukumu ya biashara fulani huulizwa kwanza: mnauziana nini, kwa masharti gani, na nani anabeba hasara? Kwa nini mchezo uhukumiwe bila kuulizwa hivyo? Tukamwomba mzee atufundishe. Kwa siku tatu, baina ya Alasiri na Magharibi, tuliketi naye barazani tukiuliza maswali ya mtu asiyejua lolote. Siku ya tatu tulimwita na kijana, kwa ruhusa ya mama yake.

Mchezo wao ni ule unaojulikana katika pwani yetu kwa jina la wahedi wa sitini. Mzee aliupata Tabora akiwa kijana kazini, akaja nao huku kwa treni, kwa ile njia ya Kaliua hadi Mpanda iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Pale barazani huondoa nane, tisa na kumi zote, zikabaki karata 40. Wanaketi wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu na mwenzake wakitazamana, na kila mmoja hupewa karata kumi.

Swali letu la kwanza lilikuwa la kitoto. Karata yenye picha ya moyo, kwa nini inaitwa kopa? Mzee akacheka, akasema ndivyo alivyoikuta. Jibu tulilijua kutoka vitabuni, tukampa yeye na kijana, na wote wawili walilifurahia.

Majina haya ni ya Kireno. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na waliipoteza Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Waliondoka, lakini maneno yao yalibaki, na miongoni mwake ni karata, turufu, na majina ya aina nne za karata. Kopa kwa Kireno ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni fimbo au rungu. Hata saba tunaiita seti, nayo ni saba ya Kireno. Picha zilibadilika kufuata mtindo wa Kifaransa, majina hayakubadilika, ndiyo maana moyo ukabaki na jina la kikombe.

Wareno nao hawakuzibuni aina hizo. Katika kasri la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri, ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa za karne ya 15 hivi. Nazo zina aina nne: vikombe, sarafu, panga, na fimbo za mchezo wa polo. Hazina picha ya mwanadamu hata mmoja. Vyeo vimeandikwa kwa Kiarabu: mfalme, naibu, na naibu wa pili. Huko Ulaya karata huanza kutajwa katika maandishi ya miaka ya 1370, na Wahispania hadi leo huziita kwa neno ambalo wataalamu wengi wanalirudisha kwenye lile neno naibu. Kwa hiyo wanaosema karata ni kitu cha makafiri kilicholetwa kutuharibu wangefanya vyema kutafuta hoja nyingine. Wala wale wanaotaka kuihalalisha wasiishike habari hii, maana watawala wa Misri walifanya mengi ambayo hatuyaigi.

Swali la pili: kwa nini saba humla mfalme? Hapa mzee alijinyoosha kama mwalimu. "Katibu," akasema, "hapa cheo hakitoki kwenye picha, kinatoka kwenye hesabu." Ree, yaani ile karata ya moja, ina alama 11. Seti ina 10. Kisha wanafuata wazungu watatu, ambao majina yao yamebeba bei zao: mzungu wa nne ni mfalme, ana alama nne, mzungu wa tatu ni yule kijana wa kiume, ana tatu, mzungu wa pili ni bibi, ana mbili. Ndiyo sababu kijana anamla bibi, jambo linalomshangaza kila anayeanza. Sita na zote zilizo chini yake hazina alama. Hizo ndizo magarasa, na kutoka hapo tumepata neno la kumwita mtu asiye na faida, ingawa si neno la kumwita Muislamu mwenzako.

Jumlisha sasa. Kila aina ina alama 30, na aina nne zina 120. Nusu yake ni 60, na anayepata 60 hajashinda, bali wamelingana. Anayetaka ushindi lazima aongeze moja. Wahedi wa sitini ni sitini na moja. Kijana alikuwa amecheza miezi mingi bila kujua kwamba jina la mchezo ndiyo kanuni yake ya ushindi, na tuliona uso wake ulivyobadilika.

Swali la tatu lilikuwa refu zaidi. Karata ikitupwa, ni lazima kuifuata kwa aina yake? Hapa mabaraza hutofautiana, na anayehamia baraza geni hana budi kuuliza kabla karata hazijagawiwa. Kwa mzee huyu ni lazima. Ukiwa nayo, unaitoa. Ukiwa huna, una hiari ya kukata kwa turufu, ambayo ni aina iliyoteuliwa kuzishinda nyingine katika mzunguko ule, au kutupa garasa na kumwachia mwenye kula ale.

Tukauliza: na mtu akiwa nayo akaificha? Nani atajua? Mzee akajibu kwamba kwa wakati ule hakuna ajuaye isipokuwa yeye na Mola wake, lakini karata ni arobaini tu na zote hutoka. Mwisho wa mzunguko iliyofichwa huonekana, na upande wake hupoteza mzunguko wote. Kijana akadakia: "Babu, na kama nimesahau tu, sikuificha?" Mzee akasema kusahau na kuficha barazani huadhibiwa sawa, maana baraza halioni nia. Sisi tuliosoma fiqhi tulitazamana. Ni jawabu ambalo kadhi angelitoa kwa maneno marefu zaidi: sisi tunahukumu kwa lililo dhahiri, na ya moyoni yana Mwenyewe.

Tukauliza na habari ya kukonyezana. Yapo mabaraza ambako mtu humwashiria mwenzake kwa jicho kwamba ana ree ya turufu, na pande zote mbili wanajua kuwa jambo hilo linaruhusiwa. Kwa mzee ni marufuku. Tunaona wazi kwamba kitu kile kile, katika baraza moja ni sehemu ya mchezo na katika jingine ni khiana, na kinachotenganisha ni makubaliano ya mwanzo. Tungependa vijana wetu wanaoingia katika biashara za ubia walijue hili mapema.

Nalo dai la mzee, kwamba mchezo ni hesabu? Tulilipima. Turufu ni kumi. Zikiwa zimekwisha kutoka saba, nawe unayo moja mkononi, mbili ziko kwa wengine watatu. Mchezaji makini anajua ni zipi, na mara nyingi anajua ziko kwa nani kwa kuangalia nani aliwahi kushindwa kufuata. Kijana aliweza kutaja alama za upande wake na za wenzake katikati ya mzunguko bila kuandika. Hatuwezi kusema hiyo si akili. Wala hatuwezi kusema ni akili tupu, maana mkono unaopewa umekuja kwa kuchanganywa, na anayepewa magarasa sita ana kazi ngumu hata awe hodari namna gani.

Hapo ndipo maneno ya wanazuoni yanapoingia. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zinaikataza kamari pamoja na ulevi, na zinataja sababu: uadui, chuki, na kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na Swala. Mchezo wa nardi, unaochezwa kwa dadu, una makatazo makali katika hadithi iliyo katika Sahihi Muslim. Kuhusu sataranji, Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa na masheikh wengi wa nchi zetu, aliihesabu kuwa ni makuruhu, na akasema kwamba pande zote mbili zikiweka mali basi imekuwa kamari. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii waliokuja baadaye wakaweka kipimo: mchezo uliojengwa juu ya hesabu na fikra unafuata sataranji, na uliojengwa juu ya kubahatisha unafuata nardi. Karata ya mzee ina mguu mmoja huku na mmoja kule, na ndiyo maana wapo masheikh wanaoikataza moja kwa moja na wapo wanaoivumilia kwa masharti. Kamati haina mamlaka ya kukata shauri baina yao. Lakini kuna swali moja ambalo pande zote wanaliuliza, na sisi tulikuwa tumelihifadhi hadi siku ya tatu.

"Mzee wetu, aliyefungwa hutoa nini?"

Alinyamaza kidogo, akazikusanya karata. "Soda tu, katibu. Wawili waliofungwa wananunulia wanne."

Tukamwambia kwamba soda ni mali kama shilingi ilivyo mali. Akajitetea kuwa ni ukarimu, na Waislamu hukirimiana. Tukamuuliza ni ukarimu gani huo unaongojea jumla ya alama ndipo ujue unatoka mfukoni mwa nani. Alikuwa anatafuta jibu, lakini kijana ndiye aliyesema, akiwa ameinama, kwamba mara tatu muhula huu soda ile ameilipa kwa fedha ya chakula cha mchana shuleni. Mzee hakujua. Tuliuona uso wake, na tunashuhudia kwamba hakujua.

Tuseme na jambo jingine ambalo halikuulizwa. Wapo wazazi hapa mjini wanaokunja uso kwa karata za karatasi, na simu zao wenyewe zimejaa mikeka ya mechi za Jumamosi. Michezo ya kubahatisha ina sheria yake nchini, ya mwaka 2003, na ina bodi inayoisimamia. Wenye leseni wana leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Leseni hiyo ni ya serikali, haikutoka katika Suratul Maida. Mkeka hauna hata zile turufu kumi za kuhesabu. Baba anayemkanya mwanawe kwa soda moja aifungue kwanza simu yake mbele ya mkewe.

Tulikutana wote ofisini baada ya Swala ya Ijumaa: wazazi wawili, mzee, kijana, na imamu wetu. Baba alikuja na hasira, lakini alitulia mzee alipomtangulia kuomba radhi kwa ajili ya fedha ya chakula na kuirudisha palepale. Wakakubaliana kwamba hakuna soda wala kitu chochote cha kufungana. Karata zinakusanywa adhana inapoanza, si inapokwisha. Na kijana hafiki barazani siku za shule, isipokuwa Jumamosi alasiri. Neno la kuchagua karata au nyumba baba alilifuta mwenyewe, mbele ya mama. Imamu, ambaye rai yake ni ya kukataza, aliwaambia waziwazi kwamba kuacha kabisa kungempendeza zaidi, na mzee akasema amesikia.

Limebaki swali moja la kanuni. Wanne wakichanga sawasawa kabla ya mchezo na wakanywa pamoja, yeyote ashinde, hapo hatukuona tatizo, kwa sababu matokeo hayahamishi mali ya mtu. Lakini muuza duka wa jirani, asiyecheza, amejitolea kumpa soda kila mshindi, kwa kuwa baraza humletea wateja. Zawadi ya mtu wa tatu ina mlango wake katika fiqhi ya mashindano, na mlango huo mwembamba hauingii kila mchezo. Tumemwandikia sheikh wetu mmoja aliyeko Tabora. Mpaka jibu litakapofika, muuza duka ameombwa aziache soda zake ndani ya jokofu.