Matembezi ya Asubuhi Moja Katika Mji wa Tanga

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu chake kitukufu tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa wale waliotutangulia. Wengi wetu huifahamu amri hii kuwa ni ya safari za mbali. Kijana wetu akijaaliwa fedha hutamani kuiona London, au Istanbul, au Qurtuba katika nchi ya Hispania, ambako msikiti mkubwa ulioanza kujengwa mwaka 785 wasimama hata leo, ingawa tangu mwaka 1236 umekuwa kanisa. Katika miji hiyo mgeni hupewa karatasi yenye ramani, naye huzunguka peke yake kwa miguu, akasimama hapa na kutazama pale, na jioni hurudi akijua ni nani aliyejenga nini na katika mwaka gani. Safari hizo ni njema wala hatuzilaumu. Lakini ni vijana wangapi wa Tanga wawezao kumwongoza mgeni namna hiyo katika mji wao wenyewe? Na sisi wazazi wao, je, twaweza?

Swali hilo lilitukalia moyoni. Basi siku moja ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tulitoka nyumbani kwetu Chumbageni pamoja na vijana wetu wawili, mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka 16 na dada yake wa miaka 12. Hatukuchukua ila maji ya kunywa, daftari na kalamu. Tuliwapa sharti moja tu: kila pahali tutakaposimama, waandike jina la mtu anayekumbukwa pahali pale. Tulidhani twawafundisha wao. Kumbe tuliofundishwa ni sisi.

Chumbageni iko upande wa magharibi wa mji. Ndani ya jina lake mtu husikia neno la ugeni, nasi asubuhi ile tulikuwa kama wageni katika njia tunazozipita kila siku. Mama mmoja alikuwa akichoma vitumbua barazani kwake, na baiskeli, ambazo Tanga yasifika kwazo, zilikuwa zimeanza kumiminika kuelekea mjini. Tulishika njia ya mashariki hata tukafika Bustani ya Jamhuri, pahali palipoinuka panapoitazama bandari.

Hapo pana mnara wa saa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1901. Ukisimama chini yake waiona ghuba yote, na katikati ya maji wakiona kisiwa kinachoitwa Toten. Neno hilo ni la Kijerumani na maana yake ni wafu. Kisiwani yamo magofu ya misikiti na makaburi ya Waislamu wa zamani. Lakini jina ambalo kisiwa chajulikana kwalo leo ni lile walilolitoa watu waliokuja baadaye, wakaona makaburi tu. Kijana wetu aliuliza aandike jina la nani. Tulimweleza kwamba mnamo Julai 1889 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Hermann von Wissmann liliutwaa mji huu katika vita vya kuitamalaki Mrima. Akaandika: Wissmann.

Si mbali na hapo lipo boma la zamani la Wajerumani, ambamo taasisi ya Urithi Tanga imeweka makumbusho yenye picha za mji wa siku zilizopita. Tunawashauri wasomaji wasipite bila ya kuingia. Humo mtu hukumbushwa kwamba reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliileta miche ya mkonge kutoka Florida katika nchi ya Marekani; iliyosalimika ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ambayo katika miaka ya 1960 yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kijana akaandika: Hindorf. Dada yake akauliza waliokuwa wakiukata mkonge huo waliitwa nani. Tukamjibu kwamba waliitwa manamba. Wengi walitoka mbali kwa mkataba, na kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Binti alitutazama kwa muda, kisha katika daftari lake akaacha mstari mtupu.

Kutoka hapo tuliifuata njia ya pwani kuelekea mashariki, tukapita hospitali ya Bombo, ambayo jengo lake la kale la Kijerumani lasimama juu ya jabali likiitazama bahari, hata tukafika Raskazone. Mwendo huu ni mrefu kidogo, na mwenye watoto wadogo au wazee apande bajaji. Sisi tulikwenda kwa miguu kwa makusudi, kwa sababu njia hii ndiyo iliyopitwa na jeshi, ila wao walitoka Raskazone kuelekea mjini.

Ilikuwa Novemba 1914. Waingereza walileta kwa merikebu askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani walikuwa na askari wapatao 1,000 tu chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na wengi wa hao walikuwa askari Waafrika. Tarehe 4 palipigwa vita vikali hata ndani ya mitaa ya mji. Nyuki walioghasiwa mizingani mwao waliwashambulia watu, na kwa sababu hiyo wengine huviita vita vya nyuki. Tarehe 5 Waingereza walipanda merikebu zao wakaondoka, wakiacha nyuma maiti zaidi ya 300. Upande wa Wajerumani waliokufa hawakufikia 100.

Hadithi hii husimuliwa sana, na nyuki huwachekesha watoto. Lakini yatupasa tuikumbuke kwa jambo jingine. Katika majeshi yote mawili walikuwamo Waislamu: huku askari wa Kihindi, huku askari wa Kisudani na wa pwani yetu. Watu waliokuwa wakielekea kibla kimoja walielekezeana bunduki kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Na baada ya Tanga vita viliendelea miaka minne, vikawala wapagazi wasiohesabika, wale wa Kariakoo, waliobeba mizigo ya Waingereza hata wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 2021 halmashauri ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliotumikia dola ya Kiingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakuwekewa ukumbusho wowote.

Kijana aliandika: Aitken, Lettow-Vorbeck. Kisha akalifunga daftari, akasema, "Baba, tangu asubuhi naandika majina ya wageni tu. Watu wetu hawakuwa na majina?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikaa chini ya mti tukanywa maji, tukamwombea kila Mwislamu aliyekufa katika ardhi ile, ajulikanaye na asiyejulikana. Kisha tukarudi mjini.

Jibu tulianza kulipata katika maktaba. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1958 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Basi hata hapa jina la nje ni la mfalme. Lakini tulimwambia kijana: usitazame ukutani, tazama rafuni. Kwenye rafu za maktaba yuko Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini ya Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi za serikali, na usiku akaandika vitabu. Alifariki mwaka 1962. Hana mnara wa saa, lakini wako watu wa nchi za mbali wanaojifunza Kiswahili wasiomjua Wissmann, nao wamjua yeye.

Hapo tuliwaeleza vijana habari nyingine ambayo wengi wa Tanga hawaijui. Wissmann alipoitwaa pwani hii, alikuwako mtu wa nchi hii aliyeshuhudia mambo hayo, naye ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Hakuwa na mzinga. Alikuwa na kalamu, akatunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, akaeleza jinsi mambo yalivyoonekana kwa macho ya watu waliovamiwa. Waraka wake ulihifadhiwa, hata katika miaka ya 1950 ukahaririwa na J. W. T. Allen na kupigwa chapa. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, alikuwa kadhi katika mji wa Tanga. Yeye aliandika kitabu cha Mirathi, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilichapwa mwaka 1923, na kingine cha Nikahi. Vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya fahari. Viliandikwa ili mjane ajue kwamba thumuni yake, mumewe akiacha watoto, ni haki aliyoifaradhisha Mwenyezi Mungu na wala si sadaka ya mashemeji. Na ili mahakimu wa kigeni wasije wakahukumu mambo ya Waislamu kwa kubahatisha.

Kijana alilifungua daftari lake tena. Safari hii aliandika majina matatu bila ya kuambiwa.

Kutoka maktaba tulielekea kusini, tukavuka reli, tukaingia Ngamiani. Mitaa ya huko ni mwepesi mgeni kuifuata, kwa kuwa barabara zake zimepewa nambari: ya kwanza, ya pili, na kuendelea hata zaidi ya ishirini. Hapa hakuna majengo ya kupigwa picha na watalii. Kuna nyumba za chini zenye baraza, vyuo vya watoto wasomao Kurani kwa sauti, na misikiti. Adhuhuri ilitukuta huko, tukaingia msikitini, binti akaenda upande wa wanawake.

Baada ya sala mzee mmoja alimwona kijana na daftari, akamwuliza anaandika nini. Alipoelezwa alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Wajerumani, akaenda na asirudi, wala kaburi lake halijulikani. Akalitaja jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake. Binti alipotoka nje tulimsimulia. Alimwomba mzee kwa adabu amtajie tena majina yale, akayaandika polepole katika ule mstari aliouacha mtupu asubuhi, mzee akimsahihisha. Hatuyachapi hapa, maana ni amana ya nyumba ya watu. Lakini mzee alisema kwamba tangu azaliwe hajapata kumwona mtu akiliandika jina lile.

Wasomaji wetu wapenzi, yatupasa tuseme kosa letu wenyewe. Katika nyumba yetu lilikuwako sanduku la mbao la marehemu babu yetu, lililojaa karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili. Tulijua kwamba limo, tukisema kila mwaka kwamba tutalifungua na kumtafuta mjuzi wa kuzisoma. Siku tuliyolifungua tulikuta mchwa wamekwisha kulisoma kabla yetu. Huenda ulikuwamo utenzi, huenda yalikuwamo madeni tu na tarehe za watoto waliozaliwa. Wajerumani hawakutunyang'anya sanduku lile, wala Waingereza. Sisi wenyewe tulililaza chini sakafuni.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukikopeshana kwa muda tuandike, kwa kuwa mwanadamu husahau. Je, deni tulilo nalo kwa waliotuzaa na kutufikishia dini hii si kubwa kuliko deni la fedha?

Basi twawaomba wazazi wawachukue vijana wao asubuhi moja na kuifuata njia hii: bustani ya mnara wa saa, boma, Bombo na Raskazone, maktaba, na mwisho Ngamiani kwa adhuhuri. Watoke mapema kabla jua halijawa kali, na wavae mavazi ya heshima. Wakirudi nyumbani, wamwulize mzee wa nyumba majina ya wazee wake, wanaume kwa wanawake, alikotoka kila mmoja na kazi aliyoifanya, wayaandike pamoja na tarehe ya siku ile. Mwenye nyaraka za kale asizipe mgeni wala asizichome. Azipige picha kwa simu, kisha aziweke pahali pakavu palipoinuka. Na siku nyingine watu waende Tongoni, mwendo wa kilometa 17 hivi kusini ya mji, wakauone msikiti wa karne ya 14 au ya 15 na makaburi yenye nguzo ya Waislamu waliotutangulia.

Kule Qurtuba nguzo za msikiti zimesalia, lakini jamaa waliokuwa wakisali kati yake wametoweka. Kwetu mawe ni machache, lakini jamaa wangaliko, na safu zingali zikipangwa mara tano kila siku. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Tena twajua kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna jina lililopotea, maana malaika waandishi hawaachi mtu, awe jenerali au mpagazi. Lakini hao wanaandika kwa ajili ya siku ya hesabu. Kuandika kwa ajili ya watoto wetu ni kazi tuliyoachiwa sisi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tusiwe kizazi kilichosahau. Amin.